Nasaba ya Kima Punju: Udugu wa Spishi Hupimwaje?

Katika msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, huishi wanyama wa aina mbili waitwao kima. Mmoja ni kima wa kawaida. Wa pili ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu na mweusi, midomo ya rangi ya waridi na nywele nyeupe zilizosimama kichwani. Wote wana mkia mrefu na hupanda miti ile ile. Hata hivyo, ndugu wa karibu zaidi wa kima punju hayumo Jozani. Yuko ng'ambo ya bahari, katika milima ya Udzungwa. Jambo hilo lilijulikanaje?

Ushahidi wa mwili

Kufanana peke yake si hoja. Pomboo wa Kizimkazi ana umbo kama la papa, lakini hupumua kwa mapafu na hunyonyesha watoto wake. Umbo hilo limeletwa na maisha ya majini, wala si nasaba. Aidha, sifa ya kale iliyorithiwa na kundi zima haisaidii kupambanua matawi yake. Mkia mrefu, kwa mfano, wanao kima wengi mno. Kinachotafutwa na wanabiolojia ni badiliko lililotokea kwa babu mmoja na kurithiwa na uzao wake tu.

Kima wa kawaida ana vifuko mashavuni vya kuwekea chakula, na tumbo lake ni la kawaida. Kima punju hana vifuko hivyo. Tumbo lake limegawanyika vyumba, ambamo bakteria huchachusha majani, na kidole gumba chake kimepungua hata kuwa kijinundu. Hizo ni sifa za mbega. Basi kima punju, ijapokuwa huitwa kima, kwa nasaba ni mbega.

Ushahidi wa jeni

Lakini mbega ni wengi. Yupi aliye karibu naye zaidi? Hapa hutumika DNA, ambayo ni kama maandishi ya herufi nne yanayonakiliwa kutoka mzazi hadi mtoto. Tuseme hati ya kale imenakiliwa kwa mkono mara nyingi. Nakala mbili zikiwa na makosa yale yale yasiyoonekana katika nakala nyingine, yaelekea zimetoka katika nakala moja. Vivyo hivyo, spishi zenye mabadiliko yale yale ya DNA huhesabiwa kuwa na babu mmoja wa karibu. Ili kujua herufi ipi ni ya asili na ipi imebadilika, spishi ya mbali zaidi huwekwa kando kwa kulinganishia.

Utafiti wa DNA ya mitokondria uliochapishwa mwaka 2008 ulimweka kima punju pamoja na mbega mwekundu wa Udzungwa. Tofauti za herufi zao zilionyesha kuwa walitengana miaka laki kadhaa iliyopita.

Matokeo hayo yanasahihisha dhana iliyo rahisi. Wakati wa zama za barafu, bahari ilipokuwa chini kwa mita 120 hivi, Unguja iliungana na bara. Maji yaliitenga miaka 10,000 hivi iliyopita. Mtu angeweza kudhani kwamba bahari ndiyo iliyozigawa spishi hizi. Jeni zasema ilizikuta zimekwisha gawanyika. Hata hivyo, mitokondria hurithiwa kwa mama tu. Kwa hiyo ushahidi wake hupimwa pamoja na DNA ya kiini cha seli.

Thamani ya maarifa haya

Kima punju alipewa jina la kisayansi mwaka 1868, kwa heshima ya John Kirk, daktari Mskoti aliyeishi Mji wa Unguja. Kwa asili hapatikani popote nje ya Unguja. Wachache walihamishiwa Pemba katika miaka ya 1970. Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilipata kima punju zaidi ya 5,800. Wakitoweka hao, litakuwa limekatika tawi la miaka laki kadhaa, wala hakuna kima mwingine wa kulirudisha.

Zoezi

Wanafunzi walinganishe popo, kunguru na panya. Waandike sifa za kila mmoja, kisha waeleze: mabawa yawaunganisha wangapi, na nywele na maziwa yawaunganisha wangapi? Ni sifa zipi zinazoonyesha udugu, na kwa nini?