Mfungaji Bora Alitoka Geita, Sifa Zikabaki Dar

Juma hili naanza na swali. Ni nani aliyekuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara msimu wa 2021/22? Nimewauliza vijana kadhaa hapa stendi ya Shinyanga, na wengi wamenijibu bila kusita: Fiston Mayele wa Yanga.

Sivyo. Mayele alifunga mabao 16. Aliyefunga 17 na kutwaa Kiatu cha Dhahabu ni George Mpole wa Geita Gold, jirani zetu. Kwa mara moja dhahabu ilirudi kule inakochimbwa.

Tukumbuke kwamba Geita Gold, timu ya Halmashauri ya Mji, ilikuwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Ikamaliza katika nafasi ya nne, wakati Yanga ilikuwa bingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Mfumania nyavu wa timu changa hapati krosi na pasi nyingi kama mwenzake wa timu bingwa, kwa hiyo mabao yale 17 yalikuwa na jasho la ziada. Juni 2022 Mpole akaifungia pia Taifa Stars dhidi ya Niger, mchezo ulioisha 1-1.

Mbona basi watoto wa Ngokolo walikuwa wakitetema kama Mayele?

Kwanza, Yanga ina washabiki hata katika vijiji ambavyo havijawahi kuiona ikicheza. Hata Stand United ilipokuwa Ligi Kuu, siku Yanga au Simba zilipokuja Kambarage, sehemu kubwa ya jukwaa ilikuwa ikiwashangilia wageni. Nilikuwapo, nikaona haya. Pili, magazeti makubwa ya michezo huchapishwa Dar es Salaam na huuzwa kwa majina mawili, Simba na Yanga. Nasi wa redio hatuna pa kujificha: bao la Mayele tulilirudia asubuhi, mchana na jioni, la Mpole tukalisoma mwishoni mwa taarifa, kabla ya hali ya hewa. Tatu, kule kutetema. Mayele aliwapa watu kitu cha kuiga, harusini na barabarani. Mpole alifunga tu.

Jambo hili si la sifa peke yake, kwani jina ndilo linaloongeza bei ya mchezaji sokoni. Mayele, Mkongo aliyeng'arishwa na Dar, alikwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023, na mwaka 2025 akatwaa nayo Ligi ya Mabingwa Afrika. Mpole naye alielekea huko alikotoka mwenzake, Kongo, katika klabu ya Lupopo ya Lubumbashi, na wengi wetu hatukufuatilia.

Geita Gold ilishuka daraja mwaka 2024. Juzi nilikwenda kunyoa. Ukutani kwa kinyozi yumo Mayele. Nikamwuliza kijana kuhusu Mpole. Akasimamisha mashine, akafikiri, akaniuliza alichezea timu gani.