Fahamu: Kwa nini maumivu ya saratani yamo mikononi mwa muuguzi

Mgonjwa wa saratani anayerudi Masasi au Newala kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, safari ya zaidi ya kilomita 500, huwaacha mabingwa Dar es Salaam; anayebaki karibu naye ni muuguzi. Ndiyo maana uelewa wa muuguzi huyo una uzito mkubwa. Tangu 1986 Shirika la Afya Duniani limeelekeza dawa ya maumivu itolewe kwa saa maalumu, bila kungoja mgonjwa alie, na mofini ya kunywa itumike kwa maumivu makali. Asiyejua hilo humsifu mgonjwa aliyenyamaza, kumbe kunyamaza si kupona.

Wapo wanaohofia uraibu. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, lakini mwili kuzoea dawa si sawa na uraibu, na dozi ikipandishwa taratibu huku mgonjwa akiangaliwa, ni nadra kudhuru pumzi. Kinachosumbua zaidi ni kufunga choo, nako kuna dawa. Wengine watasema kuandika mofini ni kazi ya daktari. Lakini Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kuiandika tangu 2004. Ukiuguza, muulize muuguzi: dozi inayofuata ni saa ngapi?