Tuunge Vizuri Nyaya za Pikipiki

Taa ya pikipiki ikizimika ghafla usiku, dereva na abiria wako hatarini. Wakati mwingine taa yenyewe ni nzima. Ubovu uko pale nyaya zilipoungwa.

Wengi wetu tunasokota nyaya kwa mkono na kuzifunga tepu. Pikipiki hutikisika, nyaya zikalegea. Maji huingia, shaba ikapata kutu ya kijani. Umeme hupita kwa shida, na kiungo kinapata moto.

Je, soketi za nyaya za gari zinafaa? Ndiyo. Betri ya gari dogo ni volti 12, na pikipiki nyingi nazo ni volti 12. Lakini nyaya za pikipiki ni nyembamba. Pini kubwa ya gari haiushiki waya mwembamba, utachomoka tu.

Basi tufanye hivi:

1. Tufungue kwanza waya wa hasi (–) kwenye betri.
2. Tuchague pini inayolingana na unene wa waya.
3. Tubane kwa koleo, kisha tuvute kidogo. Ukichomoka, turudie.
4. Tutumie soketi yenye mpira wa kuzuia maji.

Ndugu, tuzikague nyaya mchana. Tusingoje giza litufundishe.