Moshi wa tamasha unatoka kwenye maegesho

Malori ya ziara za muziki yakitoka Louisville, Marekani, hushika barabara kuu ya I-71 hadi Columbus, yapata kilomita 340, kisha huambaa na Ziwa Erie mpaka Buffalo. Wanaharakati wa tabianchi wamezoea kuyanyooshea kidole malori hayo, pamoja na ndege na jenereta. Hesabu zinaonyesha kwingine. REVERB, shirika linalosaidia wanamuziki kupunguza uchafuzi tangu 2004, lilitoa utafiti mwaka 2024: safari za mashabiki huzalisha gesi joto mara 38 ya zile za msanii, wafanyakazi wake na vyombo vyao. Mashabiki wanane kati ya kumi huja kwa gari binafsi.

Waje na nini kingine? Treni ya abiria iliacha kufika Columbus mwaka 1979, na Louisville mwaka 2003. Louder Than Life, tamasha kubwa la roki la Louisville, hufanyika kwenye viwanja vya Kentucky Exposition Center, jirani na uwanja wa ndege. Aliyezoea kwenda tamasha la Sauti za Busara kwa miguu kupitia vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, atashangaa ukubwa wa maegesho yake. Na maegesho ni mapato. Mwandaaji wake, kampuni ya Danny Wimmer Presents, ndiye pia mwenye tamasha la Sonic Temple la Columbus, na hasara ya hali ya hewa anaijua: mvua ilifuta Louder Than Life nzima mwaka 2018, na tarehe 27 Septemba 2024 mabaki ya Kimbunga Helene yakafuta siku moja.

Forecastle, tamasha la Louisville lililoanza 2002 likichanganya muziki na harakati za mazingira, lilisimama baada ya 2022. Ben Sollee, mpiga selo wa Kentucky, aliwahi kwenda kwenye maonyesho kwa baiskeli, selo ikiwa imefungwa nyuma. Inapendeza, ila haimshushi shabiki hata mmoja garini. Bendi inaweza kuweka betri jukwaani. Haiwezi kujenga reli.

Buffalo ina reli. Treni ya mjini hupita Main Street hadi karibu na ukumbi wa KeyBank Center. Lakini Orchard Park, nje ya jiji, ambako Rolling Stones walitumbuiza 2015, haifiki. Huko huko ndiko umma ulikochangia dola milioni 850 kujenga uwanja mpya wa timu ya Buffalo Bills.