Kompyuta yako imekuwa nzito? Usimlipe mtu kwanza

Kompyuta nyingi zilizo katika nyumba zetu hapa Marekani hatukuzinunua zikiwa mpya. Zilitoka kanisani, kwa jirani au kwa watu waliojitolea kutupokea, na zilikuwa zimeshatumika miaka kadhaa. Kwa hiyo malalamiko ninayoyasikia sana nikitembelea familia ni haya: inachukua muda mrefu kuwaka, fomu ya kuomba kazi inakwama katikati, mtoto hamalizi kazi ya shule. Wengine wameshaanza kuweka pesa wanunue nyingine. Mara nyingi hakuna haja. Ila yako mambo mawili ya hatari katika kazi hii ya kuirudishia kompyuta nguvu, na hayo nitayaeleza kwa urefu, maana yanaweza kukupotezea pesa na karatasi zako.

Kwanza hakikisha kwamba tatizo ni kompyuta kweli. Chukua simu yako, iunganishe na waifai ya nyumbani, ufungue video. Kama simu nayo inasuasua, tatizo ni intaneti. Chomoa waya wa umeme wa kile kisanduku cha intaneti, subiri nusu dakika, uuchomeke tena. Kama simu inakwenda vizuri na kompyuta peke yake ndiyo inayochechemea, endelea kusoma.

Wengi wetu hufunga kifuniko cha laptopu tukidhani tumeizima. Hapo imelala tu, na kila ulichokifungua juma zima bado kiko wazi ndani yake. Hata ukibofya "Shut down", Windows ya siku hizi mara nyingi huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka kesho. Chagua "Restart" angalau mara moja kwa wiki. Inaonekana jambo dogo, lakini jaribu kabla ya mengine yote.

Halafu zipo programu zinazojiwasha zenyewe kila unapowasha kompyuta. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha liitwalo "Task Manager". Kama ni dogo, bofya "More details". Tafuta palipoandikwa "Startup" au "Startup apps". Programu ya muziki, ya michezo au ya mikutano usiyoihitaji asubuhi, ibofye kisha uchague "Disable". Haifutiki, inaacha tu kujiwasha yenyewe. Yenye neno "Security" iache kama ilivyo.

Funga pia kurasa za Chrome usizozitumia. Kila moja inakula memori, na laptopu yenye memori ya GB 4 inachoka upesi watoto wakifungua kurasa ishirini. Wala usiiweke juu ya kitanda au godoro. Matundu ya hewa yakizibwa inapata joto, na ikipata joto hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue.

Sasa hatari ya kwanza. Diski ikijaa, kompyuta huwa nzito, na Windows ina sehemu ya kuisafisha: "Settings", kisha "System", kisha "Storage", kisha "Temporary files". Utaona orodha yenye visanduku vya kuweka alama. Kimoja kimeandikwa "Downloads". Ukikiwekea alama, kila ulichokipakua kwenye folda hiyo kinafutwa. Na wengi wetu ndimo tunamoweka nakala ya I-94, hati za mshahara, barua za shule, vyeti vya chanjo. Mkimbizi anatakiwa kuomba grin kadi baada ya kukaa hapa mwaka mmoja, na hapo ndipo utakapozitafuta karatasi hizo. Nakili kila kitu kwenye flashi kwanza, fungua faili mbili tatu uone kama zinasomeka, ndipo usafishe.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Unatafuta mtandaoni namna ya kuharakisha kompyuta, unabofya tangazo, na ghafla skrini nzima inajaa onyo jekundu. King'ora kinalia, sauti inasema kompyuta imefungwa, piga namba hii sasa hivi. Sisi tuliozoea kutetemeka mbele ya karatasi yenye muhuri tunaogopa upesi, na matapeli wanategemea woga huo. Microsoft imesema wazi kwamba maonyo yake hayawekwi namba ya simu kamwe. Usipige. Bonyeza Alt na F4 kwa pamoja; ikikataa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Ukiifungua tena Chrome ikauliza kama irudishe kurasa za awali, kataa. Mtu yeyote anayetaka umlipe kwa kadi za zawadi za dukani ni mwizi, hata akiongea kwa upole namna gani.

Kama umeshampigia na kumruhusu aingie kwenye kompyuta, itoe kwenye intaneti mara moja, piga namba iliyo nyuma ya kadi yako ya benki, na ubadilishe nywila ukitumia simu. Kisha toa taarifa reportfraud.ftc.gov. Kutapeliwa si kosa la jinai, kwa hiyo usifiche kwa aibu.

Programu za kulipia zinazojiita za kusafisha kompyuta sizishauri kabisa. Windows ina kinga yake ya virusi bila malipo, na kinga mbili zikifanya kazi pamoja zinazidisha uzito.

Ukimaliza yote haya na bado inakwama, rudi "Task Manager", bofya "Performance" uangalie "Disk". Ikiandikwa HDD, ni diski ya zamani inayozunguka. Kuiweka ya SSD kunabadilisha mashine kuliko jambo lingine lolote, na kwa kawaida gharama yake ni ndogo kuliko ya laptopu mpya. Lakini uliza kwanza kama mashine inakubali Windows 11, kwa sababu Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Chromebook aliyopewa mtoto shuleni usiiguse. Ni mali ya shule, irudishwe kwa mwalimu waitengeneze wenyewe. Yako mwenyewe unaweza kuja nayo ofisini tuitazame pamoja, usisahau chaja.