Kunyoosha viungo baada ya kuumia uti wa mgongo: si kila kiungo huvutwa

Kuanguka kutoka juu ya mkarafuu au mnazi ni miongoni mwa sababu zinazowafanya watu wa mashamba Unguja na Pemba kuumia uti wa mgongo, sambamba na ajali za barabarani. Mkaazi wa Kizimbani, Wilaya ya Magharibi "A", anayerejea nyumbani kutoka hospitali akiwa amepooza miguu, au miguu na mikono, hukabidhiwa kazi mpya ya kila siku: kuvizuia viungo vyake visikakamae. Kizimbani husifika kwa viungo vya chakula. Hapa vinakusudiwa vya mwili.

Misuli isiyotumika hufupika. Nyama za nyuma ya paja zikifupika, mtu hawezi kukaa mkekani miguu ikiwa imenyooka, na bila ya mkao huo ni vigumu kuvaa suruali mwenyewe. Kisigino kisiposhuka, mguu hautulii kwenye kiti mwendo.

Kunyoosha nyuma ya paja, mgonjwa hulala chali, hupitisha khanga chini ya wayo, kisha huuvuta mguu juu polepole, goti likiwa limenyooka. Akifika mwisho hutulia hapo kwa nusu dakika au zaidi. Kulala chali kuna sababu yake: akiinama mbele akiwa amekaa, huuvuta mgongo badala ya paja, na mgongo wenye ukakamavu kiasi humsaidia aliyepooza kiwiliwili asipepesuke anapokaa.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni vidole vya mkono. Aliyeumia kwenye pingili ya sita ya shingo mara nyingi huweza kuinua kifundo cha mkono ingawa vidole vimepooza. Akikiinua, vidole hujikunja vyenyewe kwa kuwa kano zake ni fupi, na kwa njia hiyo hushika kikombe au mswaki. Jamaa mwenye nia njema akivinyoosha vidole hivyo huku kifundo kimeinuliwa, hulegeza kano hizo na kumpotezea mgonjwa mshiko pekee aliobakiwa nao. Vidole vikunjuliwe pale tu kifundo kimeinamishwa chini.

Pasipo hisia, maumivu hayatoi onyo, na mifupa ya miguu iliyopooza hudhoofika hata kuvunjika kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo asivute kwa kurukaruka wala kumruhusu mtu amkandamize. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2017 hayakuona manufaa makubwa kwa kiungo kutokana na kunyooshwa kwa muda usiozidi miezi 7. Kuongeza nguvu ili kuharakisha matokeo ni kujitafutia jeraha. Baada ya mazoezi ngozi ikaguliwe, hasa matako na visigino. Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto kiachwe, kionwe na daktari.

Aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu akipatwa ghafla na kichwa kinachogonga na jasho usoni, aache mazoezi na akae wima. Nguo zilegezwe na mpira wa mkojo uangaliwe kama umejikunja. Hali isipotulia mara moja, apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwani shinikizo lake la damu huenda limepanda kwa kiwango cha kuhatarisha maisha.

Ratiba ya mwanzo ipangwe na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa hutegemea pingili iliyoumia.