Kompyuta ya mezani inakata mtandao kila mara? Kagua mafiga matatu kabla ya kumlaumu mtoto

Siku hizi si ajabu kuingia kwenye nyumba ya Mafiga, hapa Manispaa ya Morogoro, ukakuta kompyuta ya mezani kwenye kona ya sebule, imefunikwa kitambaa isishike vumbi. Mara nyingi ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, kwa fedha za kuungaunga, na kwa sababu moja tu: watoto wasome. Mji wenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na jirani yake Chuo Kikuu Mzumbe unamfanya mzazi asikubali mwanawe abaki nyuma.

Baada ya miezi michache huanza wimbo uleule. "Mama, mtandao umekata tena." Mama anauliza bando limekwenda wapi. Baba anasema mtoto anaangalia filamu usiku. Mtoto ananuna, na siku ya tatu hasemi tena. Anaomba tu hela ya kwenda stesheneri.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu yanafanyika mtandaoni. Maombi ya vyuo ni hivyohivyo. Matokeo ya Baraza la Mitihani yanatoka mtandaoni, na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vimo kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Mtoto ambaye mtandao wake unakata katikati ya fomu, siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, hana tatizo la kompyuta tu. Ana tatizo la mwaka mzima.

Habari njema ni kwamba mara nyingi tatizo hili hupatikana bila kununua kitu, na mzazi asiye fundi anaweza kulitafuta mwenyewe.

Chungu hakikai juu ya mafiga mawili

Mtandao usio na waya nyumbani unakaa juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni chanzo: rauta au simu inayogawa intaneti, pamoja na kampuni inayokuuzia bando. La pili ni njia: hewa, kuta na vitu vilivyo kati ya rauta na kompyuta. La tatu ni kompyuta yenyewe. Figa moja likiyumba, chungu kinamwagika, na kwenye kioo utaona ujumbe uleule tu kwamba hakuna intaneti.

Kosa la wengi ni kuanza kurekebisha kabla ya kujua figa lipi limeyumba. Fanya jaribio hili kwanza.

Subiri mtandao ukate. Chukua simu iliyounganishwa na Wi-Fi hiyohiyo, na zima data ya laini kwenye simu hiyo. Hatua hii ni muhimu, kwa sababu Wi-Fi ikikosa intaneti, simu nyingi huhamia kwenye bando la laini kimyakimya, ukadhani Wi-Fi ni nzima. Kisha fungua tovuti yoyote ukiwa umesimama pale pale kwenye kompyuta.

Kama simu nayo imekwama, isogeze hadi kwenye rauta. Ikikwama hata hapo, tatizo ni chanzo. Ikikwama kwenye kompyuta lakini ikafanya kazi karibu na rauta, tatizo ni njia. Na kama simu inafungua vizuri pale mezani huku kompyuta imekata, basi tatizo liko ndani ya kompyuta.

Rudia jaribio hili mara tatu au nne kwa siku tofauti. Weka daftari karibu na mumpe mtoto kazi ya kuandika saa, nini kilikatika, na nini kilikuwa kinaendelea nyumbani: kuna aliyepigiwa simu, umeme ulipepesa, sabufa ilikuwa inacheza? Daftari la siku tatu litakuambia mengi kuliko ugomvi wa miezi mitatu.

Figa la kwanza: chanzo

Familia nyingi hazina rauta. Zinatumia simu ya baba au mama kugawa mtandao. Kama ni hivyo, angalia mambo mawili.

Kwanza, simu ya kupigiwa. Kwenye simu na laini nyingi, mazungumzo yanapoanza simu hushuka kutoka 4G kwenda kwenye mtandao wa zamani, na data hupungua sana au husimama kabisa hadi mazungumzo yaishe. Mtoto ataona mtandao umekata kila mara kwa dakika tano au kumi, na hakuna atakayehusisha jambo hilo na baba anayeongea uani. Pili, simu nyingi huzima zenyewe ugawaji wa mtandao zikiona hakuna kifaa kinachotumia, ili kulinda chaji. Tafuta kwenye mipangilio ya ugawaji wa mtandao uzime tabia hiyo.

Wanaotumia simu wana njia rahisi wasiyoifahamu. Chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya wa USB wa kuchajia unaopitisha data, kisha kwenye mipangilio ya simu chagua kugawa mtandao kwa USB. Wi-Fi haihusiki tena, na simu inapata chaji. Kwa siku ya kujaza fomu muhimu, hii ndiyo njia ya kutumia.

Wenye rauta waanze na umeme. Tazama taa za rauta pale mtandao unapokata. Zikizima zote na kuwaka upya, rauta inajizima na kujiwasha, na kosa huwa kwenye umeme mdogo, chaja yake iliyochoka, au ekstensheni iliyolegea. Ibadilishe soketi, kisha jaribu chaja nyingine yenye volti zilezile na ampea zisizopungua zilizoandikwa chini ya rauta. Usichomeke chaja yoyote iliyo karibu kwa sababu tu tundu linaingia. Volti zikizidi unaweza kuiunguza.

Rauta ya laini iwekwe karibu na dirisha. Milima ya Uluguru, inayopanda kupita meta 2,600, inaweza kuzuia mawimbi ya mnara kufika upande fulani wa nyumba. Hamisha rauta dirisha kwa dirisha, na kila mahali iache nusu saa uone.

Wakati mwingine chanzo kiko mbali kuliko unavyodhani. Mei 12, 2024 hitilafu kwenye nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom iliyumbisha intaneti Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna unachoweza kurekebisha sebuleni. Lakini kama mtandao wa kampuni yako unakata kila wiki, peleka malalamiko kwao, andika tarehe na namba ya malalamiko, na usiporidhika yafikishe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Daftari lako la siku tatu ndilo ushahidi.

Figa la pili: njia

Hapa ndipo kompyuta ya mezani inapotofautiana na simu. Simu unaishika mkononi, juu, mahali pa wazi. Boksi la kompyuta, lile wengi wanaloliita CPU, ni la chuma, linakaa chini ya meza, na antena yake iko nyuma ikitazama ukuta. Chuma hurudisha mawimbi, na ukuta mnene wa tofali huyapunguza. Friji, kabati la chuma, kioo kikubwa cha kujitazamia au tangi la maji vikiwa katikati, hali inakuwa mbaya zaidi.

Kama kompyuta yako inapata Wi-Fi kwa kile kidude kidogo mfano wa flashi, angalia kimechomekwa wapi. Kikiwa nyuma ya boksi, kiko kwenye kivuli cha chuma. Na kikiwa ubavuni mwa tundu la USB 3, lile ambalo mara nyingi lina rangi ya bluu ndani, kuna tatizo jingine: mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo yanayoonyesha kwamba vifaa vya USB 3 hutoa kelele ya mawimbi inayosumbua vifaa visivyo na waya vya GHz 2.4. Ndiyo maana kompyuta nyingine hukata mtandao pale tu mtoto anapochomeka diski ya nje. Dawa ni waya mfupi wa kurefusha USB, wa mita moja hivi, ili kidude kikae juu ya meza, mbali na boksi. Hakuna badiliko la bei ndogo kama hili linalosaidia watu wengi hivyo.

Wi-Fi nyingi hutumia mawimbi ya GHz 2.4 au GHz 5. Yale ya 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi lakini yana msongamano: Bluetooth ya sabufa, mausi isiyo na waya, maikrowevu na rauta za majirani zote ziko humo. Ya 5 yana nafasi na kasi zaidi, ila hayafiki mbali. Kama rauta inaonyesha majina mawili ya Wi-Fi na moja linaishia na 5G, jaribu hilo kwanza ikiwa kompyuta iko chumba kimoja na rauta. Hiyo 5G si ile ya matangazo ya simu. Ni jina la mawimbi ya GHz 5. Kompyuta ya zamani inaweza isilione kabisa, na hilo si kosa.

Ukibaki kwenye 2.4, ingia kwenye mipangilio ya rauta uchague chaneli 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani. Kama rauta za majirani zimejazana kwenye 6, hamia 1 au 11.

Na kama kompyuta haihami mahali pake, waya wa LAN kutoka kwenye rauta unamaliza hadithi ya figa hili lote. Waya huo hufanya kazi hadi mita 100, umbali unaotosha nyumba zetu.

Figa la tatu: kompyuta

Kama simu iko sawa pale mezani na kompyuta peke yake ndiyo inayokata, fuata hatua hizi kwa mpangilio, moja kwa siku, ili ujue ipi imesaidia.

Kwanza, tazama saa na tarehe. Kompyuta ya zamani ikipoteza tarehe kila ikizimwa, betri ndogo ya duara iliyo ndani yake, CR2032, imekwisha. Tarehe ikiwa ya uongo, tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa sababu za kiusalama, na mtoto atasema mtandao umekata wakati Wi-Fi ni nzima.

Pili, zuia kompyuta isizime kifaa cha Wi-Fi kwa kubana umeme. Bofya kitufe cha kulia cha mausi kwenye alama ya Windows, fungua "Device Manager", kisha "Network adapters". Bofya mara mbili jina la kifaa cha Wi-Fi, nenda "Power Management", uondoe tiki kwenye mstari wa kwanza unaoruhusu kompyuta kukizima. Kama huoni ukurasa huo, kompyuta yako haina chaguo hilo, endelea mbele.

Tatu, angalia draiva, programu inayoifanya kompyuta izungumze na kifaa chake. Kama tatizo lilianza baada ya Windows kujisasisha, kwenye dirisha hilohilo kuna "Driver" na ndani yake "Roll Back Driver", inayorudisha draiva ya awali. La sivyo, pakua draiva mpya kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta au kifaa hicho. Kaeni mbali na programu za bure zinazoahidi kusasisha kila kitu. Nyingi huleta takataka.

Nne, zikishindikana zote, tumia "Network reset" iliyo kwenye mipangilio ya mtandao. Itafuta nywila zote za Wi-Fi zilizohifadhiwa, hivyo iandike nywila yako pembeni kabla.

Kumbuka pia kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kompyuta haitazima kwa sababu hiyo, lakini ukinunua nyingine iliyotumika, uliza kama inakubali Windows 11.

Ukimwita fundi

Mweleze ulichokwishajaribu na umwonyeshe daftari. Fundi asiyeelezwa kitu huanza kwa kupiga Windows upya, na hilo halisaidii kama kidude cha Wi-Fi kimejificha nyuma ya chuma. Akisisitiza, nakili kwanza kwenye flashi vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, picha za pasipoti na picha za familia.

Kuna jambo la mwisho lisilohitaji fundi. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba anadanganya kuhusu mtandao hujifunza kunyamaza. Atakwenda kwa jirani au mjini hadi usiku, na siku fomu ikikwama hatasema hadi muda uishe. Mkae naye kwenye kompyuta jioni moja, mfanye jaribio la simu pamoja. Na fomu yoyote yenye tarehe ya mwisho, ianzeni wiki mbili kabla. Majibu marefu yaandikwe kwanza pembeni na kuhifadhiwa, ili hata mtandao ukikata katikati, kitakachopotea kiwe dakika chache na si nafasi ya chuo.